Mfalme Aliyenyimwa Bandari

Meli iliyoitwa Seyyid Khalifa ilipofika mbele ya Mombasa katikati ya Januari 1964, abiria wake mkuu hakuwa mgeni wa mji ule. Mwezi mmoja tu nyuma, bendera nyekundu ya ukoo wake ilikuwa bado inapepea juu ya Fort Jesus. Ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliutawala kwa mkataba wa 1895, wakilipa kodi kila mwaka. Oktoba 1963 yakafikiwa mapatano London kwamba ukanda ule uende na Kenya. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba, bendera ikateremshwa bila ugomvi. Sasa anakuja mwenye bendera mwenyewe pamoja na familia yake, hana pa kulala, na serikali ya Nairobi inamkatalia kushuka.

Huyo ndiye Sayyid Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar. Meli ikageuza kuelekea kusini, Dar es Salaam. Tanganyika ilimruhusu apite, lakini kukaa hapana. Siku chache baadaye alikuwa amepandishwa ndege kwenda Uingereza.

Njia hiyo ya baharini kuelekea Dar es Salaam ilikuwa na historia katika nyumba yao. Agosti 1896 Khalid bin Barghash alikalia kiti cha usultani bila ridhaa ya Waingereza. Tarehe 27 manowari zikalipiga kasri lake kwa mizinga kwa muda usiofika saa nzima, akakimbilia kwa balozi wa Kijerumani, na Wajerumani wakamvusha kwa bahari mpaka Dar es Salaam iliyokuwa yao. Tofauti ni kwamba Khalid alipokewa. Wajerumani walikuwa na sababu ya kumtaka, kwa kuwa mfalme aliyegombana na Waingereza alikuwa mtaji mikononi mwao. Mwaka 1964 hapakuwa na dola lolote Afrika Mashariki lililokuwa na kazi ya kumpa Jamshid.

Katika sura zilizotangulia nimeeleza kwamba njia anayoondokea mtawala inategemea zaidi kile kilichokuwa kinashikilia kiti chake kuliko tabia yake. Sura hii ndiyo kipimo cha hoja hiyo, maana ndani ya miezi kumi na miwili, kuanzia 1963 hadi mwanzo wa 1964, nchi hizi mbili ambazo leo ni Tanzania ziliondoa watawala wao wa jadi kwa namna mbili zisizofanana hata kidogo. Visiwani waliondoka kwa bunduki. Huku Bara, na hapa kwetu Singida, waliondoka kwa sheria ya Bunge, na wengi wao siku iliyofuata waliamka kwenye nyumba zilezile. Ili kuelewa tofauti hiyo, itabidi mara mojamoja twende Ufaransa kwa Louis wa 16. Wafalme wengi waliwahi kupinduliwa, ila huyu aliandikwa kwa kila undani, hata dakika za mwisho.

Jamshid alizaliwa Zanzibar tarehe 16 Septemba 1929, wakati babu yake, Sayyid Khalifa bin Harub, ameshatawala karibu miaka kumi na minane. Mzee huyo alikaa kwenye kiti kuanzia Desemba 1911 hadi Oktoba 1960, karibu miaka arobaini na tisa. Watu wazima wenye wajukuu hawakuwahi kumjua sultani mwingine. Alipofariki akaingia mwanawe Abdullah, mtu mgonjwa ambaye hakumaliza hata miaka mitatu. Abdullah alifariki tarehe 1 Julai 1963, na siku hiyohiyo Jamshid akawa sultani, akiwa na miaka thelathini na mitatu.

Alirithi nini hasa? Alirithi jumba la baharini, ulinzi wa heshima, mizinga ya saluti na jina lake katika hotuba ya Ijumaa. Utawala wenyewe haukuwa mikononi mwa ukoo wake tangu 1890, Waingereza walipoifanya Zanzibar nchi ya ulinzi. Tangu hapo sultani aliweka saini na wao wakaendesha. Katiba ya uhuru ikaendeleza mtindo huo, Sultani akiwa mkuu wa nchi huku serikali ikiwa ya waziri mkuu aliyetoka kwenye baraza la kutunga sheria. Jamshid hakuwa na jeshi, hakupanga kodi, hakuteua hata karani wa forodha kwa hiari yake.

Linganisha na Louis. Alikalia kiti cha enzi Mei 1774 akiwa na miaka kumi na tisa, na kwa sheria za Ufaransa ya wakati ule mfalme ndiye aliyekuwa dola. Vita vilikuwa vyake na deni lilikuwa lake. Aliingia gharama kubwa kuwasaidia Wamarekani wapigane na Uingereza, na kufikia 1788 karibu nusu ya mapato ya serikali ilikwenda kulipa madeni. Alikuwa mtu mpole, mpenda kuwinda na kutengeneza makufuli, na upole huo haukumsaidia, kwa sababu kila kosa la nchi lilikuwa na anwani moja. Mkate ulipopanda bei, mnung'uniko ulikwenda Versailles.

Zanzibar mnung'uniko haukwenda kasrini. Ulikwenda kwenye sanduku la kura.

Uchaguzi wa Julai 1963, wa mwisho kabla ya uhuru, ndio kiini cha habari yote hii. Afro-Shirazi Party ya Sheikh Abeid Amani Karume ilipata takriban asilimia 54 ya kura zote. Viti vilikuwa 31, na chama hicho kikapata 13. Zanzibar Nationalist Party ya Sheikh Ali Muhsin Barwani ilipata 12, na Zanzibar and Pemba People's Party ya Mohammed Shamte ilipata 6. Hao wawili kwa pamoja wakafanya 18, Shamte akawa Waziri Mkuu na Ali Muhsin Waziri wa Mambo ya Nje. Kikatiba hapakuwa na kosa. Afro-Shirazi walikuwa wamelundika kura nyingi mno katika majimbo machache huku wapinzani wao wakishinda kwa kura kidogo katika majimbo mengi. Mfumo huo hutoa matokeo kama hayo popote ulipo, hata Uingereza kwenyewe. Lakini jaribu kumweleza mtu wa Ng'ambo, mchukuzi wa bandarini au mchumaji karafuu, kwamba wengi wamepiga kura na wachache wameshinda, tena katika nchi ambayo tofauti ya vyama ilikuwa imekwisha kushikana na tofauti ya rangi, asili na shamba. Machafuko ya uchaguzi wa Juni 1961 yalikuwa yamekwisha kuua watu 68. Bei ya karafuu ilikuwa imeshuka na hazina haikuwa na kitu.

Ugomvi wa Versailles mwaka 1789 nao ulianzia kwenye hesabu ya kura. Louis, alipoishiwa fedha, aliitisha baraza la matabaka matatu ambalo halikuwa limeitwa tangu 1614. Makasisi walikuwa na kura moja, makabaila moja, na watu wa kawaida, yaani karibu Wafaransa wote, kura moja. Mbili dhidi ya moja kila siku. Tarehe 17 Juni wale wa tabaka la tatu wakajitangaza kuwa ndio Bunge la taifa. Mfalme angeweza kuiamua hesabu hiyo kwa neno moja, mapema, naye akasitasita hadi ikaamuliwa bila yeye. Jamshid hakuwa hata na neno hilo. Mipaka ya majimbo ilichorwa chini ya Waingereza, na yeye siku ya uchaguzi alikuwa na siku chache tu tangu aketi kwenye kiti.

Hapa naomba nichepuke, kwa kuwa habari za Ufaransa na za pwani yetu zimeungana zaidi ya tunavyofundishwa shuleni. Septemba 1776, Louis akiwa na miaka miwili tu madarakani, mfanyabiashara wa Kifaransa aliyeitwa Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa, Hasan bin Ibrahim. Sultani alikubali kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mtu. Watu hao walikuwa wa kulima katika visiwa vya Wafaransa, hasa kile ambacho leo ni Morisi. Na ni kwenye kisiwa hichohicho ambako Wafaransa, wakati wa mtangulizi wa Louis, walifanikiwa kupanda miche ya mikarafuu iliyoibwa kutoka visiwa vya Waholanzi kule Asia. Mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ikavuka kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa ikaja Zanzibar, na Sayyid Said bin Sultan akaifanya zao la dola. Nayo ikaja na mfumo wake mzima, wa shamba kubwa, bwana mmoja na watumwa wengi. Mapinduzi ya Ufaransa yalipofuta utumwa Februari 1794, wenye mashamba wa Morisi waligoma kutii, na wajumbe waliopelekwa 1796 kutekeleza amri hiyo wakafukuzwa na kurudishwa melini. Kwa hiyo amri ya Paris ya kumwachia mtu huru ilikwama baharini, huku mbegu ya karafuu na namna ya kuilima vikifika salama.

Usiku wa uhuru, tarehe 10 Desemba 1963, mwana mfalme Philip wa Uingereza akishuhudia, Zanzibar ilipandisha bendera mpya: nyekundu ileile ya zamani, katikati duara la kijani, na ndani yake karafuu mbili za manjano. Sijui kama kuna bendera nyingine iliyokusanya ugomvi wa nchi katika picha ndogo namna ile. Ilidumu siku 33.

Katika siku hizo serikali ya Shamte ilifanya jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililoamua lini na vipi itaanguka. Zanzibar huru haikuwa na jeshi. Haikuwa na mkataba wa ulinzi na Uingereza. Ilichokuwa nacho ni polisi, na wakati wa ukoloni askari wengi waliandikishwa kutoka Bara, yaani Tanganyika, Kenya na kwingineko. Serikali mpya iliwashuku, ikaona mioyo yao iko Afro-Shirazi, na huenda haikukosea. Ikaanza kuwaachisha. Tatizo ni kwamba mtu aliyefutwa kazi akaachwa hapohapo kisiwani hana kazi, ana kinyongo, anajua ghala ya silaha inafungwaje na zamu zinabadilishana saa ngapi, ni hatari kuliko alipokuwa ndani ya sare. Mwanzoni mwa Januari serikali ikaongeza jingine, ikakipiga marufuku chama cha Umma cha Abdulrahman Mohamed Babu. Babu akavuka kwenda Dar es Salaam. Vijana wake wakabaki.

Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili tarehe 12 Januari, Afro-Shirazi walikuwa na sherehe na ngoma kwa kibali. Kelele na watu barabarani havikumshtua mtu. Yapata saa tisa usiku, watu mia chache wenye mapanga, mikuki na silaha za kuokoteza wakavamia makao ya polisi Ziwani na kambi ya Mtoni. Walipovunja ghala ya Ziwani kazi ilikuwa imekwisha, hata kama mjini walikuwa hawajui. Aliyejitokeza kama kiongozi wa usiku ule alikuwa John Okello, mtu wa Lango, Uganda, fundi wa kujenga na kufyatua matofali, aliyefika Pemba mwaka 1959. Hakuwa na cheo cha maana katika chama chochote. Asubuhi alikuwa Field Marshal, kwa kujipa mwenyewe, na sauti yake, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya mbali, ilikuwa redioni ikitoa hukumu zisizo na kichwa wala miguu. Katika matangazo hayo alimwamuru Sultani aiue familia yake kisha ajiue.

Jamshid hakuwa na mtu wa kupigana pamoja naye wala wa kumpigania. Serikali iliomba msaada wa askari kwa Waingereza. Haukuja. Kituo cha polisi Malindi kilishikilia muda mrefu kuliko vingine, na kwa kuwa kiko pembeni mwa bandari, muda huo ndio uliomfaa Sultani. Jumapili hiyohiyo familia ilikuwa ndani ya Seyyid Khalifa. Mawaziri walisalimu amri, na baadaye wakafungwa Bara. Ali Muhsin alikaa katika magereza ya Tanganyika, baadaye Tanzania, karibu miaka kumi.

Nani walilipa bei kubwa? Watu wenye asili ya Kiarabu mashambani na mitaani, na baadhi ya Wahindi, waliouawa katika siku zilizofuata, pamoja na waliokimbia na majahazi. Idadi yao inabishaniwa hadi leo, kuanzia mamia hadi maelfu mengi, na ubishi wenyewe una siasa ndani yake. Ila hili halibishaniwi: wengi wa waliouawa hawakuwa mabwana wenye mikarafuu elfu. Walikuwa wenye vijiduka na vishamba vya vijijini, watu ambao hawakuwa na meli ya kuwangoja. Mapinduzi yanayosimuliwa kwa habari ya mfalme peke yake, na sura hii inajua hatari hiyo, huwaficha hao.

Turudi kwa Louis na askari wake, maana hapo ndipo kufanana kunapokuwa kukubwa. Julai 1789 kikosi cha Gardes Françaises, walinzi wa mfalme waliokaa Paris, kilihamia upande wa umati. Waliishi mitaani pamoja na watu wa Paris, wakanunua mkate kwa bei ileile. Tarehe 14, mizinga iliyoelekezwa kwenye lango la Bastille ilishikwa na askari wenye ujuzi, ndiyo maana ngome iliachia. Miaka mitatu baadaye, tarehe 10 Agosti 1792, waliobaki kumlinda mfalme katika jumba la Tuileries walikuwa Waswisi wa kukodiwa. Walipigana. Louis, akiwa amekimbilia Bungeni, akawapelekea karatasi waweke silaha chini, na mamia yao wakauawa. Tangu hapo hakuwa na mtu wa kusimama mlangoni.

Na wiki moja tu baada ya Zanzibar, Tanganyika nayo ilijaribiwa hivyohivyo. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambini Colito, Dar es Salaam, na siku iliyofuata wenzao wa Tabora, jirani zetu wa magharibi, wakafuata. Walitaka mishahara na walitaka maofisa wa Kiingereza waondoke. Mwalimu Nyerere alitoweka machoni pa watu kwa muda, kisha akafanya jambo lililomuuma, akawaomba Waingereza. Tarehe 25 makomando wakashuka kutoka manowari Centaur, uasi ukaisha asubuhi moja. Hapa mtu lazima aulize kwa nini ombi la Dar es Salaam lilijibiwa na la Zanzibar likaachwa. Jibu langu ni kwamba Waingereza waliona Nyerere ana nchi nyuma yake hata kama hana jeshi, na Shamte, licha ya viti vyake 18, hana. Kumrudisha Jamshid kungekuwa kuitawala Zanzibar upya kwa bunduki, na hilo ndilo walikuwa wametoka kuliacha mwezi mmoja nyuma.

Sasa Singida. Msomaji wa huku anaweza kusema mambo ya masultani ni ya watu wa pwani. Si kweli kabisa. Mwaka 1963 uliomega mkoa wetu kutoka Jimbo la Kati ndio huohuo uliofuta utemi kama chombo cha serikali Tanganyika nzima. Kutoka Iramba hadi Manyoni, watu waliozoea kupeleka kesi kwenye baraza la mtemi wakaambiwa sasa kuna mahakama ya mwanzo, na aliyekuwa akikusanya kodi akaambiwa sasa kuna afisa wa halmashauri. Lakini nani aliyemwaga damu? Hakuna mtemi wa Singida aliyekimbia na meli, na si kwa sababu tu hatuna bahari.

Wanyaturu wa zamani hawakuwa na mtawala mmoja. Mambo yalikatwa na wazee wa koo, na mvua iliombwa na wale walioaminiwa kuwa nayo. Wakimbu wa upande wa Itigi na Rungwa walikuwa na watemi wao hasa, na katika karne ya 19 Nyungu ya Mawe aliwaunganisha kwa upanga chini ya dola moja. Alipofariki mwaka 1884 kiti kikachukuliwa na binti yake, Mgalula. Wajerumani walipoweka kituo chao Kilimatinde na kusambaa, wakavunja palipokuwa na dola na wakaunda watawala pale ambapo hapakuwa nao. Waingereza wakaja na mtindo wa Gavana Donald Cameron, wa kutawala kupitia wenyeji, na sheria ya 1926 ikampa mtemi muhuri, mshahara, baraza na kitabu cha kodi. Mahali kwingi Unyaturu, mtemi aliyefutwa mwaka 1963 alikuwa na kiti chenye umri usiozidi wa mwanawe mkubwa. Wala usidhani wananchi hawakulijua hilo. Mjini Singida uwanja wa mpira unaitwa Liti, jina la mwanamke anayesimuliwa kuwa aliwakabili Wajerumani na kuwatupia nyuki. Hakuwa mtemi. Nimejaribu kufikiria uwanja gani mkoani kwetu umepewa jina la mtemi wa mshahara, na sikuupata.

Kiti kilichosimamishwa na karatasi kiliondolewa na karatasi. Na waliokiondoa hawakuwa watu wa nje wenye chuki nacho. Nyerere mwenyewe alikuwa mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Wahehe akawa Spika wa Bunge lililokuwa linapitisha sheria. Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alikuwa waziri, hadi alipojiuzulu mwaka huohuo wa 1963. Mlango ulikuwa wazi: mtemi mwenye elimu na akili ya siasa aliweza kuingia serikalini, mwingine akarudi kwenye ng'ombe wake, na kwenye matambiko hakuna aliyemzuia. Hakuna aliyepigiwa kura ya kifo.

Louis alipigiwa. Kabla ya hapo alijaribu kukimbia usiku wa tarehe 20 Juni 1791, amevaa kama mtumishi, ndani ya gari kubwa la farasi pamoja na mkewe Marie-Antoinette na watoto. Msimamizi wa kituo cha farasi, Drouet, alimtambua, akawahi mbele, na mjini Varennes, karibu na mpaka, wakamsimamisha. Usiku ule mfalme wa Ufaransa alilala ghorofani kwa muuza duka. Fikiria tofauti. Louis walimkataza kutoka. Jamshid walimkataza kuingia. Wafaransa wa 1791 hawakuwa bado wamejua nchi bila mfalme inakuwaje, kwa hiyo walimrudisha Paris kama mtu anayerudisha hati ya nyumba. Na walipokwisha kuamua nchi ni jamhuri, mwaka mmoja na robo baadaye, mtu huyohuyo aliyehitajika sana akawa mtu asiyeweza kuachwa hai. Kijana Saint-Just aliwaambia wabunge wenzake, kwa maana, kwamba hapakuwa na haja ya kutafuta kosa gani Louis alilitenda, kosa lilikuwa kuwa mfalme. Tarehe 21 Januari 1793 akakatwa kichwa, akiwa na miaka 38.

Karume na wenzake, walioshika nchi baada ya mapinduzi, hawakuhitaji kesi ya namna hiyo. Walichokitaka kilikuwa serikali na ardhi. Machi 1964 ardhi ikawa mali ya serikali, baadaye watu wakagawiwa eka tatu tatu. Tarehe 26 Aprili Zanzibar ikaungana na Tanganyika. Okello, ambaye alikuwa bado ana jeshi lake na redio yake, alizuiwa kurudi kisiwani mwezi Machi, kwa utulivu uleule ambao Nairobi ilitumia kwa Jamshid. Mfalme na aliyempindua, ndani ya majuma machache, wote wawili walikuwa hawana pa kushukia Zanzibar. Karume mwenyewe aliuawa kwa risasi tarehe 7 Aprili 1972. Jamshid akiwa Uingereza alizisikia habari zote hizo kwenye redio kama mtu mwingine yeyote.

Aliishi Southsea, Portsmouth, mji wa wanamaji, kwa zaidi ya miaka hamsini. Serikali ya Uingereza ilimpa pauni 100,000 mwanzoni, akaishi maisha ya kawaida tu, bila kuanzisha serikali ya uhamishoni yenye kelele. Sehemu ambayo mtu angetegemea impokee ni Oman, chimbuko la ukoo, hasa baada ya Qaboos bin Said kumwondoa baba yake mwaka 1970 na kuwaita Wazanzibari wenye asili ya huko warudi wajenge nchi. Walirudi kwa maelfu, na ndiyo sababu Kiswahili kinasikika Muscat hadi leo. Ndugu na watoto wake Jamshid wakaruhusiwa. Yeye hapana. Baba yake Qaboos, Sultani Said bin Taimur, naye alikuwa amepelekwa London, akafia huko mwaka 1972, kwa hiyo kulikuwa na kipindi ambapo Uingereza ilikuwa na wafalme wawili wa ukoo mmoja wa Al Busaid, wote wameshushwa, wote hawatakiwi Muscat. Nchi yenye kiti cha enzi haipendi kuwa na watu wawili waliowahi kuitwa Sultani ndani ya mipaka yake. Ruhusa ilipatikana Septemba 2020, chini ya Sultani Haitham bin Tariq, na Jamshid alikuwa ametimiza miaka 91. Alifariki Muscat tarehe 30 Desemba 2024, akazikwa kwenye makaburi ya kifalme, kwa heshima ambazo zingemletea mtu matatizo kama angepewa miaka arobaini mapema.